Kabla Hujafungua Boksi, Niambie Nani Hushindwa Kwenu

Mdogo wangu, umeniuliza ni gemu gani uwapendekezee marafiki zako, na kabla sijakutajia hata moja nataka unijibu hili: kwenye kundi lenu, nani huwa anashindwa? Na akishindwa, anakaaje? Anacheka na kuomba mrudie, au anashika simu na kunyamaza mpaka muda wa kuondoka?

Nakuuliza kwa sababu kwenye barua yako kuna jambo umelipita haraka sana. Umesema binamu yako alipokuja likizo kutoka Ujerumani alikuletea Catan, mkaicheza usiku mwingi hadi ukaijua, ukaipenda, ukaona ni lazima wenzako nao waionje. Ukawaita Jumamosi. Ukapika, ukawaeleza kanuni, mkacheza, ukashinda. Jumamosi iliyofuata ukawaita tena na kila mmoja alikuwa na udhuru wake: huyu ana msiba, yule kichwa kinamuuma, mwingine hajibu kabisa. Sasa umeshahukumu kwamba Catan ni ngumu na unataka nikupe jina la gemu nyingine. Nitakupa majina, tena mengi. Ila ukizipeleka mezani kwa namna ile ile, zote zitaishia juu ya kabati pamoja na hiyo uliyo nayo.

Mimi gemu ya kumpendekezea mtu naipima kwa yule atakayeshindwa. Mshindi atafurahi kwa vyovyote vile, hata mkicheza kurusha mawe. Anayeamua kama mtakutana tena ni yule aliyebaki nyuma, na ukimsahau huyo umeshalipoteza kundi lako.

Tuanze na Catan yenyewe, maana ni gemu nzuri na imeonewa. Aliyeitunga ni Mjerumani, Klaus Teuber, fundi wa meno ya bandia kwa kazi yake. Ilitoka mwaka 1995 na mwaka huo huo ikatwaa Spiel des Jahres, tuzo ambayo Wajerumani wamekuwa wakiitoa kila mwaka tangu 1979. Unaijua: kisiwa cha vipande 19 vya pembe sita, kimoja jangwa, vingine vinatoa matofali, mbao, sufu, ngano na madini. Kila kipande chenye mali kina namba yake; dadu mbili zikiangukia namba hiyo, mwenye kijiji pembeni yake anapokea. Wa kwanza kufika pointi 10 ndiye mshindi.

Sasa angalia kilichotokea mezani kwako. Kabla dadu hazijarushwa hata mara moja, kila mchezaji anaweka vijiji viwili. Dadu mbili zina njia 36 za kuanguka. Njia 5 zinaleta 6, na njia 5 zinaleta 8. Lakini 12 ina njia 1 tu, na 2 vivyo hivyo. Wewe ulikwisha kulijua hilo kwa kucheza na binamu yako, basi vijiji vyako ukaviegemeza kwenye 6 na 8. Umeniandikia mwenyewe kwamba mmoja wa wenzako alikaa kwenye 12 na 3, na kwamba alikuwa kimya tangu mwanzo. Mdogo wangu, angesema nini? Alikaa zaidi ya saa nzima akitazama wenzake wanagawana ngano na mbao, yeye mikononi hana kitu cha kubadilishana, na Catan bila kubadilishana ni kukaa tu. Huyo alikwisha kushindwa kabla mchezo haujaanza, kisha akatakiwa abaki pale arushe dadu kwa adabu.

Dawa yake iko ndani ya boksi. Kwenye kitabu cha kanuni za Catan kuna mchoro wa wanaoanza: kisiwa kimeshapangwa, na vijiji vya kila rangi vimeshawekewa mahali, kila mmoja amepewa sehemu ya haki. Watu wengi huuruka mchoro ule kwa kuona ni wa watoto. Usiuruke. Cheza nao mara mbili tatu kwa mpango ule, halafu siku moja mmoja wao atauliza kwa nini kijiji chake kimewekwa pale na sio kule. Akiuliza hivyo, sasa yuko tayari kujipangia mwenyewe.

Jambo la pili kwenye Catan ni mwizi. Dadu zikitoa 7, mwizi anahamishwa, anaziba kipande cha mtu na kumnyang'anya kadi, na yeyote mwenye kadi zaidi ya 7 mkononi anatupa nusu. Na 7 ndiyo namba inayoanguka kuliko zote. Ina njia 6. Ukifundisha gemu yoyote, kanuni inayoumiza iseme mapema, iseme kwa sauti, na uirudie kabla hamjaanza. Mtu akinyang'anywa kadi nne kwa kanuni aliyoisikia ataguna na kuendelea. Akinyang'anywa kwa kanuni anayoisikia sasa hivi, kutoka kwa mtu ambaye ndiye anayefaidika nayo, ataona ameibiwa na rafiki yake. Urafiki mwingi wa mezani umetiwa doa na sentensi inayoanza na "aa, nilisahau kuwaambia".

Wapo wengine kati yenu wasomaji wanaoniambia, dada, sisi tunayo Monopoly, kwani haitoshi? Ina historia ya kuvutia, hilo nakubali. Mizizi yake ni mchezo wa Mmarekani Elizabeth Magie, aliousajili kwa hataza mwaka 1904 akitaka watu waone kwa macho yao jinsi mwenye ardhi anavyowafukarisha wapangaji. Lakini kwa kipimo changu haifai kwa usiku wa marafiki. Aliyefilisika anatoka, na wenzake wanaendelea bila yeye. Atafanya nini? Ataosha vyombo? Kama ndiyo pekee mliyo nayo, basi ichezeni kwa kanuni zake halisi: kiwanja ambacho mchezaji amekifikia na hakukitaka kinapigwa mnada papo hapo, na zile fedha ambazo watu huzirundika katikati ya ubao apewe atakayeangukia kona ya maegesho, hizo hazimo kwenye kanuni. Ni nyongeza za majumbani, nazo zinaurefusha mchezo mpaka usiku wa manane.

Na kabla hatujaenda mbali kutafuta walimu, tazameni wazee wetu walivyolipanga bao. Bao la Kiswahili ni moja ya michezo migumu ya akili duniani, nalisema hilo bila kupepesa macho. Safu 4 za mashimo 8, kete 64, kwa kawaida mbegu za komwe. Mnaanza na kete 10 tu ubaoni kila upande, 6 kati yake zikiwa kwenye shimo liitwalo nyumba, na 22 zinabaki mkononi. Unanamua, yaani unaziingiza ubaoni moja moja mpaka ziishe, ndipo mnaingia kwenye mtaji. Nyumba ina kanuni zake, mashimo ya pembeni, kichwa na kimbi, yana kanuni zake, na bingwa anaona mbali kiasi kwamba wewe uliyekaa mbele yake unahisi anasoma kitu ambacho hakijaandikwa. Mwalimu Nyerere alilipenda bao, na hakuwa mtu wa kupoteza muda.

Je, walimkalisha mtoto mbele ya ugumu huo wote siku ya kwanza? Hapana. Kuna bao la kujifunza. Ubao ni ule ule, kete ni zile zile 64, ila zote zinawekwa ubaoni tangu mwanzo, mbili mbili kila shimo. Hakuna kunamua, hakuna nyumba ya kulinda. Mtoto anajifunza kusambaza na kula, mkono unazoea, jicho linaanza kuhesabu. Hayo mengine yanakuja baadaye. Angalia pia jinsi baraza la bao lilivyo kwa anayeshindwa: anasimama, mwingine anakaa, naye anahamia kwenye kundi la watazamaji, ambako wanabisha, wanatabiri, wanamkosoa aliyeko ubaoni. Pale kwa watazamaji ndipo watu wanapojifunza bao. Aliyeshindwa hajafukuzwa, amehamishiwa darasani, na zamu yake itarudi.

Hivi ndivyo ninavyotaka muifikirie kila gemu mnayotaka kuipeleka kwa marafiki. Aliyeshindwa anakwenda wapi? Ana nafasi ya kurudi? Na je, upo mlango mwepesi wa kuingilia?

Haya, majina niliyoahidi. Lakini siyatoi kama orodha ya dukani, nayatoa kwa kuwatazama watu, kwa hiyo na wewe kaa ukiwawaza wako.

Kama mezani kwenu kuna mtu asiyesoma Kiingereza kwa wepesi, mama mdogo, mdogo wako wa darasa la tano, rafiki aliyesoma kwa lugha nyingine, basi gemu yenye kadi zilizojaa maneno imemtenga kabla hajaketi. Atalazimika kumwonyesha mtu kadi yake ili asomewe, na siri yake imeisha hapo. Mletee Azul. Ilitungwa na Michael Kiesling, ikatoka mwaka 2017, na mwaka 2018 ikapata ile tuzo ya Ujerumani. Mnapamba ukuta kwa vigae vya rangi, kwa mtindo wa vigae vya Ureno. Zamu yako ikifika unachagua kisahani, unachukua vigae vyote vya rangi moja, vilivyobaki vinasogea katikati. Vigae vyenyewe havina neno hata moja la kusoma. Ni vizuri machoni na mkononi, na hata aliyeshindwa anabaki na ukuta alioupamba mwenyewe mbele yake. Ila mjue ina meno: ukichukua vigae vingi kuliko nafasi zako, vya ziada vinavunjika na kukupunguzia pointi, na mtu mjanja anaweza kukuachia rundo kwa makusudi. Mwambieni mgeni hilo mapema, kama nilivyosema.

Carcassonne nayo haina maneno. Imepewa jina la mji wa kale wenye kuta kusini mwa Ufaransa, aliitunga Klaus-Jürgen Wrede mwaka 2000. Una vipande 72, kila zamu unachomoa kimoja na kukiunganisha na vilivyopo, njia kwa njia, mji kwa mji, kisha ukitaka unaweka kijitu chako juu yake. Uzuri wake kwa anayeanza ni kwamba kila zamu ana kipande kimoja tu cha kufikiria, na wote mezani wanaweza kumsaidia kutafuta kinapoingia. Mara ya kwanza waacheni kabisa wakulima, yaani vile vijitu vinavyolazwa mashambani. Hesabu yao inakuja mwisho wa mchezo, na mgeni aliyekuwa akiongoza saa nzima akipitwa ghafla kwa pointi ambazo hakuziona zikikua, amechukia.

Kwa kundi la watu wanne au watano wanaopenda kupiga soga huku wanacheza, Ticket to Ride. Aliyeitunga ni Alan R. Moon, ilitoka mwaka 2004. Zamu yako una mambo matatu tu ya kuchagua: kuvuta kadi za mabehewa, kujenga reli kati ya miji miwili, au kuongeza tiketi za safari. Naipenda kwa sababu hata ukiwa wa mwisho, umejenga reli yako kutoka upande mmoja wa ramani hadi mwingine, umeikamilisha, unaionyesha kwa kidole. Anayezibiwa njia anaumia, ndiyo, lakini mara nyingi kuna kuzunguka.

Halafu kuna wale wasiopenda kabisa kushindana na mtu wanayempenda. Msiwacheke, na msiwalazimishe. Mwingine alikulia nyumba ambayo kushindwa kulikuwa ni kuchekwa mwezi mzima, kwa nini aje kuyarudia kwako? Watu wa namna hiyo wapelekee Pandemic ya Matt Leacock, iliyotoka mwaka 2008. Humo wachezaji wote wako upande mmoja, magonjwa manne yanaenea kwenye ramani ya dunia, na nyinyi mnakimbia kati ya miji kutafuta tiba. Kinshasa imo, Khartoum imo, Lagos, Cairo, Johannesburg. Mkishindwa, mmeshindwa wote, na mtakaa nusu saa nyingine mkibishana mlikosea wapi.

Ila Pandemic ina ugonjwa wake wa tano, nao ni yule mmoja anayejua kila kitu. Anamwambia huyu nenda Cairo, yule toa kadi ya bluu, mwingine jenga kituo hapo. Watu wanne wamekaa, anayecheza ni mmoja. Nakusihi, kama wewe ndiye mwenye gemu, jichunge sana, maana anayejua zaidi ndiye anayeangukia humo, na anaangukia kwa nia njema. Wekeni sharti: mwenye zamu ndiye anayeamua, na ushauri unatolewa ukiombwa. Akifanya kosa, acheni kosa lipite. Hakuna mgonjwa halisi atakayekufa Kinshasa, lakini rafiki aliyenyang'anywa zamu yake mara nne hatarudi.

Najua wengine mnasoma huku mnajiuliza hela iko wapi. Hizi gemu za nje ni ghali, na kuzipata kwenyewe ni mpaka mtu asafiri. Basi kabla hujanunua, zijaribu. Tovuti ya Board Game Arena ina mamia ya gemu unazoweza kucheza kwenye simu au kompyuta, ukaona kama zinakufaa. Na kuna moja ambayo mnaweza kuitengeneza jioni moja kwa mkasi na kalamu, nami nasema ndiyo bora kuliko zote kwa kundi kubwa lenye watu wasiojuana vizuri. Inaitwa Codenames, ya Vlaada Chvátil wa Jamhuri ya Cheki, iliyotoka mwaka 2015.

Iko hivi. Mnapanga maneno 25 mezani, safu 5 za matano. Timu mbili, kila moja na nahodha wake. Manahodha peke yao wanaona mchoro wa siri unaoonyesha maneno yapi ni ya nani: timu inayoanza ina 9, ya pili ina 8, 7 hayana mwenyewe, na 1 ni la kifo, timu itakayoligusa imeshindwa papo hapo. Nahodha anatoa neno moja tu na namba, na timu inakisia. Akisema "bahari, tatu", wenzake watafute maneno matatu. Sasa kata boksi la viatu vipande vidogo, andikeni maneno yenu wenyewe: mwiko, nanga, daladala, mkeka, mwezi, mnazi, kinyozi, harusi. Tieni yenye maana mbili kama kaa, paa na kanga, maana hapo ndipo nahodha anapotokwa jasho. Michoro ya siri chora michache, ichanganye. Anayeshindwa hapa ni timu, mtu hashindwi peke yake, na yule shangazi asiyejua lolote kuhusu gemu za Ulaya atawashinda wote kwa sababu Kiswahili chake ni kipana kuliko chenu.

Na drafti, jamani, msiidharau. Ubao wa kadibodi wenye miraba 64, vizibo 12 vya soda kila upande, mmoja anavigeuza juu, mwingine chini. Kula ni lazima, na kwa sharti hilo moja mtu anajifunza kumtegea mwenzake mtego: unamtolea kizibo kimoja ukijua atalazimika kukila, ndipo ule vitatu. Niliona vijana kwenye vijiwe vya bodaboda wanaocheza drafti kwa kina ambacho kingemshangaza mtu mwenye kabati zima la gemu za kisasa.

Hapa kwenye drafti ndipo swali lako la mwisho linapata jibu. Umeuliza kama uwe unawaachia washinde. Usiwaachie. Watu wazima hujua wanapoachiwa, na kuachiwa kimyakimya kunauma kuliko kushindwa. Toa upendeleo hadharani. Sema, mimi nimecheza zaidi yenu, kwa hiyo leo naanza na vizibo 10, nyinyi 12. Au kwenye Catan sema mimi naweka vijiji vyangu wa mwisho, baada ya wote. Au cheza ukiwa umeungana na mgeni mmoja, mikono miwili akili moja. Wakikushinda kwa masharti yale, wamekushinda kweli, na wiki ijayo wataomba upunguziwe kidogo ule mzigo. Nimeshuhudia urafiki ukikomaa kwa njia hii.

Kuhusu kufundisha, nataka niwape mfano wa Phiona Mutesi wa Katwe, Kampala. Wengi mnamjua kupitia filamu ya mwaka 2016 ambayo Lupita Nyong'o alicheza kama mama yake. Mwalimu wa pale, Robert Katende, alikuwa akiwakusanya watoto wa mtaa huo masikini kwa sataranji na kikombe cha uji. Phiona alipofika, hajui lolote, aliyekalishwa naye kumfundisha alikuwa mtoto wa kike mdogo kuliko yeye, ambaye naye alikuwa amejifunza si muda mrefu. Miaka michache baadaye, mwaka 2010, Phiona aliiwakilisha Uganda kwenye Olimpiadi ya sataranji kule Urusi.

Kuna hekima kubwa katika kumkabidhi mgeni kwa aliyejifunza juzi. Yeye bado anakumbuka nini kilimchanganya. Bingwa ameshasahau, anaruka hatua bila kujua. Kwa hiyo Jumamosi ijayo usifundishe wewe. Mwite kwanza rafiki mmoja peke yake katikati ya wiki, mfundishe taratibu, mcheze wawili gemu inayokubali wawili, kama Azul au Carcassonne. Jumamosi yeye ndiye aeleze, wewe ukae kimya ukijaza vikombe chai. Na anayeeleza aanzie mwisho: mtu anashindaje? Kisha: zamu yako ikifika unaweza kufanya nini? Kisha kile kinachoumiza. Baada ya hapo mnaanza kucheza, mengine yatasemwa yakifika. Mkizidisha robo saa ya maelezo, mmeshawachosha. Mzunguko wa kwanza kadi zote ziwe wazi mezani, na mtu akitaka kurudisha alichofanya, arudishe.

Mambo mawili madogo ya utaratibu. La kwanza, fedha zisiingie, hata buku. Ikishaingia hela, aliyeshindwa amepoteza vitu viwili, na mnaoniandikia kuhusu marafiki mnaodaiana mnajua inavyoishia. La pili, semeni mapema mtamaliza saa ngapi, na mmalize kweli. Kuna dada anayetakiwa kuwa nyumbani kabla giza halijaingia, kuna anayesubiriwa na mtoto, kuna anayetegemea gari la mwisho la Mbagala. Gemu ya saa tatu inayoanza saa moja jioni imewatoa hao wote, na wao hawatasema, watatoa udhuru tu. Chagueni ya dakika arobaini. Anayetaka kuendelea ataendelea.

Nimalizie na barua ya mdogo wangu mwingine, wa Unguja, kwa sababu imenigusa. Anasema kila jioni anapita mbele ya baraza la bao mtaani kwao, anasikia kete zinavyolia, anatamani kujua, na hajawahi kumwona mwanamke amekaa pale. Anauliza kama ni aibu kuomba kufundishwa.

Si aibu hata chembe. Ni kweli mabaraza mengi ya bao, Unguja, Pemba, Lamu, yamezoea wanaume. Wanawake tuna karata zetu ndani, tuna keram, tuna dhumna kwa baadhi ya nyumba, na ni michezo mizuri. Lakini bao ni mali yetu pia, na inaniuma kuona nusu ya watoto wetu wanakua wakilipita kwa mbali. Hesabu ya kete haijui hii ni mikono ya nani. Ukisubiri baraza likuite, utasubiri sana. Anzia nyumbani. Kila ukoo una babu au mjomba aliyecheza, ambaye siku hizi magoti yanamuuma na hatoki, na ambaye hakuna mjukuu aliyemwuliza kitu kwa muda mrefu. Mwamkie, kaa, mwambie unataka bao la kujifunza. Tumia neno hilo hilo, bao la kujifunza, atajua umekusudia. Kama ubao haupo, chimba mashimo 32 uwanjani, safu nne za nane nane, ndivyo watoto wanavyofanya siku zote. Komwe kama huna, kokoto 64 zinatosha.

Ukishazoea mtaji, mfundishe dada yako au jirani ili upate wa kucheza naye kila siku, maana bao la mara moja kwa wiki halikui. Mtashindana nyinyi kwa nyinyi, mtazozana, mtamwita babu aamue. Na siku ukianza kunamua, mwombe huyo babu akusindikize barazani kutazama. Kaa karibu naye, tazama sana, hesabu kimoyomoyo kabla mchezaji hajaweka kete yake, uone kama mmekubaliana. Kuna jioni utaona njia ambayo aliyeko ubaoni hajaiona. Iseme kwa sauti, kama watazamaji wengine wote wanavyosema. Kisha niandikie mara moja, nataka kujua walijibu nini.